Mabuu meupe kwenye samadi: ni chonga au si chonga?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Niko Mchinga, Lindi. Mwaka juzi nilipanda minazi kwenye shamba aliloacha marehemu baba, na sasa baadhi inatoa makuti yaliyokatwa kama mtu kapita na mkasi. Miwili imekufa, kuti la katikati limekauka. Juzi nachota samadi nikakuta mabuu meupe manene yamejaa kwenye lundo, mengine yanafika kidole gumba. Mzee wa jirani anasema hao ndio chonga, yule dundu anayeharibu minazi, nipulize salfa au dawa ya mikorosho kwenye lundo lote na kwenye vilele vya minazi. Shangazi yangu anasema niweke chumvi. Mtoto wa dada yangu anasomea kilimo, yeye anasema mabuu hayo yanatengeneza mbolea, nisiyaguse. Halafu ipo minazi mitano ya zamani iliyopukutisha nazi, ikawa njano, vichwa vikaanguka, sasa yamesimama magogo matupu. Je, ni chonga huyohuyo? Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, na pole kwa minazi yako miwili. Katika barua yako naona wadudu wawili, pengine watatu, na ugonjwa mmoja, na wote umewatwisha jina la chonga. Tukiwatenganisha, kazi inakuwa nyepesi. Mzee wa jirani hajakosea kumshuku chonga, ila dawa aliyokutajia siyo. Mpwa wako anaweza kuwa sahihi kuhusu mabuu, lakini hilo huwezi kulijua mpaka uyatazame kwa karibu. Shangazi tutarudi kwake. Kwa macho yangu, jambo zito kuliko yote ni lile uliloliandika mwishoni kana kwamba ni la ziada: yale magogo matano yaliyosimama.

Tuanze na chonga mwenyewe. Kitaalamu anaitwa Oryctes monoceros, dundu wa Afrika, mweusi unaoelekea wekundu wa kahawia, urefu wa sentimita 4 hadi 5, mwenye pembe kichwani. Watu wengi hudhani anatoboa mnazi kwa pembe hiyo. Sivyo. Pembe ni silaha ya dume anapogombana na madume wenzake, na ya jike ni fupi sana, lakini jike anaharibu mnazi vilevile. Kinachotoboa ni meno yake magumu, akisukumwa na miguu yenye miiba. Hutoka usiku, hutua kwenye kilele, hujipenyeza kwenye kikonyo cha kuti changa na kuchimba kuelekea ndani, kwenye shaha, ule moyo laini wa mnazi. Nyuzi anazozitafuna hazimezi. Anazisaga, ananyonya maji yake, kisha anazisukuma nje. Ndiyo maana kwenye tundu lake utakuta makapi, yakiwa mabichi na yenye unyevu kama bado yumo, makavu na ya kahawia kama ameshaondoka.

Sasa ule "mkasi" uliouona. Kuti changa la mnazi, kabla halijafunguka, limekunjwa na kubanana mle katikati mwa kilele. Chonga akipita hapo mara moja tu, tundu lake linakata mikunjo mingi kwa pamoja. Mtoto wa shule akikunja karatasi mara kadhaa, akakata pembeni kipande kimoja, akiifungua anakuta mikato iliyopangana pande zote. Kuti nalo likifunguka linaonyesha pembetatu zilizokosekana kushoto na kulia, zikifuatana kwa mpangilio. Panya hawezi kukata hivyo, na panzi pia hawezi. Ukiona mikato ya aina hiyo, chonga alipita, hilo nina uhakika nalo hata bila kufika kwako.

Ila zingatia: alipita, si lazima awe yumo. Kuti huchukua wiki nyingi tangu lilipotobolewa likiwa ndani mpaka litoke na kufunguka ulione. Mkulima akiona makuti yaliyokatwa leo, akakimbilia kupuliza dawa leo, anampiga mdudu aliyekwisha hama zamani. Kinachokuambia hali ya leo ni makapi mabichi kwenye vikonyo vya makuti ya juu. Hayo ndiyo ya kuyatafuta kila wiki.

Mnazi mkubwa unaozaa huvumilia chonga. Utapoteza sehemu ya makuti, na wakati mwingine karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, hutobolewa kabla halijapasuka, mavuno yakapungua, lakini ni nadra mnazi huo kufa kwa chonga peke yake. Michanga ni habari nyingine. Mnazi hauna matawi wala jicho la akiba: una sehemu moja tu ya kukulia, ndani ya shaha, na kwa mche wa miaka miwili au mitatu iko karibu sana na nje. Chonga akiifikia, mche umekwisha, hata ukiumwagilia na kuutilia mbolea. Miwili iliyokufa kuanzia kuti la katikati inaelekea kufa hivyo. Ivute ile ncha iliyokauka. Ikitoka kirahisi, ikiwa na tundu na nyuzi zilizotafunwa, jibu unalo. Ikitoka imeoza na kunuka, bila tundu lolote, huo ni uozo wa shaha, na nitakueleza chini la kufanya.

Tuje kwenye lundo la samadi. Chonga hatagi mayai kwenye mnazi mzima. Kwenye mnazi mzima anakwenda kula tu. Jike hutaga kwenye vitu vinavyooza: magogo ya minazi iliyokufa, visiki, marundo ya vumbi la mbao, mboji na samadi iliyokaa. Mayai huanguliwa kwa takriban wiki mbili, kisha buu hula uozo huo kwa miezi kadhaa kabla ya kugeuka pupa na baadaye dundu. Kwa hiyo mzee ana haki ya kulitilia shaka lundo lako. Tatizo ni kwamba kwenye lundo hilohilo huishi mabuu ya ndugu zake wasio na hatia, na yote ni meupe, manene, yenye kichwa cha kahawia na miguu sita mbele, yamejikunja.

Kuna njia ya kuyatofautisha isiyohitaji maabara. Okota mabuu kama kumi, uyaweke kivulini juu ya ubao mkavu au sakafu ya saruji, kisha usiyaguse. Subiri dakika chache. Mengine yatajinyoosha, yatajigeuza chali, miguu ikiwa juu, na yataanza kutembea kwa mgongo, yakijisukuma kwa misuli na vinywele vya mgongoni, tena kwa kasi ya kushangaza. Ukiyageuza yasimame kwa miguu, yanajipindua tena chali na kuendelea na safari. Hayo si chonga. Ni watoto wa dundu wa maua, kundi ambalo wataalamu huliita Cetoniinae, na humo mna jamii ya Pachnoda iliyoenea sehemu nyingi za Afrika. Kichwa cha buu hilo ni kidogo kikilinganishwa na mwili, na miguu ni mifupi. Buu la chonga haliwezi mwendo huo. Hulala ubavu, hujikunja, hujaribu kujifukia, na kichwa chake ni kipana chenye meno yanayoonekana wazi.

Dundu wa maua ni wadudu ambao watu wa kwetu huwaona kila siku bila kuwajali. Wakubwa wao ndio wale wanaong'aa, wengine kijani, wengine wenye mabaka ya njano na kahawia, unaowakuta mchana kwenye maua au wamejibanza kwenye embe lililopasuka. Ukimwona anaruka, mwangalie vizuri: magamba ya mgongoni hayafunguki kama ya dundu wengine. Yamebaki yamefungwa, na mbawa zinachomoza ubavuni kupitia nafasi maalumu. Mimi huwapenda, nakiri. Hula maua na matunda yaliyoiva, na mara chache wanaweza kumkera mwenye bustani, lakini mnazini hawana kazi. Mabuu yao yanatafuna majani na samadi iliyooza na kuacha punje ndogo ngumu za kinyesi ambazo ni mbolea nzuri kabisa. Hapo mpwa wako amesema kweli.

Yupo pia wa katikati, na huyu ndiye anayewachanganya hata watu wa fani. Anaitwa Oryctes boas, ndugu wa damu wa chonga. Naye ana pembe, ya dume ikiwa ndefu na iliyopinda kuelekea nyuma, na hupenda sana kuzalia kwenye samadi na mboji. Anaweza kuushambulia mnazi, lakini madhara yake kwa kawaida ni madogo kuliko ya Oryctes monoceros. Mabuu ya hawa wawili huwezi kuyatenganisha kwa macho, na kwa kazi yako huna haja. Lisilotembea chali, lenye kichwa kipana, lichukulie kuwa ni la jamii ya chonga na uliondoe.

Utaliondoaje? Kwa koleo na kuku. Tandaza lundo kidogokidogo, waite kuku, kaa pembeni na ndoo. Kuku hawatachagua, watakula ya chonga na ya dundu wa maua pamoja, basi ukitaka kuyaokoa ya pili yaweke kwenye ndoo kwanza kisha uyarudishe. Ukipata buu gumu, lililokauka, limefunikwa unga wa kijani, hilo usilitupe wala usilichome. Limeuawa na kuvu anayeitwa Metarhizium, anayewaua wadudu na kuiacha mimea salama. Lirudishe ndani ya lundo, kuvu aambukize wengine. Baada ya hapo, geuza lundo mara kwa mara na usiliache likae zaidi ya miezi mitatu bila kulitumia. Buu la chonga linahitaji muda mrefu kuliko huo kumaliza utoto wake, basi usilipe muda huo.

Salfa je? Ninyi wa Lindi na Mtwara salfa mnaijua kuliko mtu yeyote, na labda ndiyo sababu inapewa kazi zisizo zake. Salfa inazuia ubwiri unga kwenye mikorosho, na ubwiri unga ni kuvu. Buu la chonga lililojifukia ndani ya samadi halishughulishwi nayo. Dawa za kuua wadudu wa mikorosho zina nguvu dhidi ya wadudu, ni kweli, lakini ukizimwaga kwenye lundo haziwafikii walio chini, zinaua wale wanaokutengenezea mbolea, na samadi hiyohiyo kesho utaipeleka kwenye mchicha. Kuku akidonoa buu lenye sumu, umepoteza kuku. Ukizipuliza kwenye vilele, unawaua maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, na maji moto ni walinzi wako: wanamfukuza kunguni wa minazi anayeangusha vidaka, yaani nazi changa, na kwenye mikorosho wanapambana na mbu wa mikorosho. Mimi nisingepuliza.

Chumvi ya shangazi ina asili yake. Wakulima wa minazi katika nchi nyingi wamezoea kuziba vikonyo vya makuti machanga kwa kitu kinachomkera mdudu, wengine chumvi, wengine majivu, wengine mchanga. Ninaloliamini mimi ni mchanga, kwa sababu punje zake zinaingia kwenye viungio vya chonga anapojipenyeza, na haziyeyuki mvua ikinyesha. Chumvi huyeyuka. Nchini India huchanganya mchanga na mashudu ya mwarobaini, na mwarobaini hamjakosa. Twanga mbegu zake, changanya na mchanga kiasi sawa, jaza kwenye vikonyo vya makuti matatu ya juu, na urudie kila mchanganyiko unapopungua. Mpelekee shangazi salamu, mwambie wazo ni zuri, abadilishe kiungo tu.

Sasa magogo. Mnazi mkubwa unaopukutisha nazi za kila umri, makarara yakaingia weusi, makuti yakaanza njano kutoka chini kwenda juu, mwisho kichwa kikadondoka na kubaki nguzo, huo haukuuawa na chonga. Dalili hizo ni za ugonjwa wa kunyong'onyea kwa minazi, unaosababishwa na vimelea vidogo vya aina ya fitoplasma vinavyoishi ndani ya mirija ya mti. Umeangamiza minazi mingi kwenye pwani yetu, na kusini mmeumizwa sana. Mti ukishaugua hauna dawa. Siwezi kuthibitisha kutoka mbali, lakini ulivyoeleza inalingana mno.

Uhusiano wake na chonga ndio huu: ugonjwa unaua mnazi, mnazi uliokufa unaoza kuanzia juu, na chonga anapata mahali pa kutagia kuliko lundo lolote la samadi. Ndani ya gogo lililosimama mabuu yanakaa juu kabisa, mvua inawalowesha, kuku hawafiki, nawe huwaoni. Yanakua, yanatoka madundu, yanaruka usiku mita chache tu hadi kwenye michanga yako. Nguzo tano zinaweza kuendelea kukutolea chonga kwa miaka. Ungesafisha samadi mpaka ing'ae, bado ungeshangaa wanatoka wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya mchanga na kabla ya kitu kingine, ni kuangusha magogo hayo. Tafuta mtu mwenye msumeno na uzoefu, maana gogo bovu huvunjika pasipotarajiwa, na mkwezi asipande juu yake hata kama ni hodari. Sehemu ya chini ikiwa bado ngumu, pasua mbao. Mbao za mnazi mkomavu zinafaa kwa boriti na uzio. Sehemu laini ya juu ipasue vipande, ukusanye mabuu yote, kisha ukaushe vipande na kuvichoma, ukiangalia upepo na mashamba ya jirani. Visiki navyo vichimbue au vichome. Ukiliacha gogo limelala kwenye majani, umelihamisha tu kutoka juu kwenda chini. Ni kazi ngumu na itakugharimu, sitakudanganya, lakini kama una fedha ya jambo moja tu mwaka huu, iweke hapo.

Wakati huohuo linda michanga. Kila wiki pitia mche mmoja mmoja. Ukiona makapi mabichi, chukua waya mgumu ulionyooshwa, ncha yake ukiikunja iwe ndoana ndogo, ingiza polepole kwenye tundu kufuata njia ya mdudu mpaka umsikie, mchome, umvute nje. Mkono uwe mwepesi. Ukichokoa ovyo utaliumiza shaha kuliko alivyoliumiza yeye. Kisha jaza tundu kwa mchanga wako wenye mwarobaini. Kwa mtu wa Mchinga kuna jambo jingine rahisi: nyavu chakavu. Malaysia na kisiwani Guam hufunga vipande vya wavu wa samaki kwenye vikonyo, na dundu wenye miguu ya miiba hunasa humo wakijaribu kuingia au kutoka. Tafuta wavu ambao matundu yake yanakaribia upana wa mwili wa chonga. Wa dagaa ni mdogo mno.

Huenda ukasikia habari za mitego ya harufu. Ni kweli ipo. Dume la chonga hutoa harufu inayowaita madume na majike, na wanakemia wameweza kuitengeneza. Inanasa vizuri. Lakini mkulima mmoja akitundika mtego peke yake, anawaita chonga wa kijiji kizima waje kwake, na si wote watakaoingia kwenye ndoo. Mkiwa wengi na mmekwisha safisha magogo, hapo ina maana. Vilevile kuna kirusi kinachoua ndugu yake wa Asia, Oryctes rhinoceros. Alikigundua Mjerumani Alois Huger huko Malaysia mwaka 1963, kikapelekwa Samoa mwaka 1967, na kilijaribiwa hadi hapa Tanzania kwa chonga wetu miaka ya 1980. Hiyo ni kazi ya taasisi, dukani hutakikuta.

Mahali pa kuacha kusoma na kumwita mtu ni hapa. Ukiona mnazi mwingine mzima unaanza kumwaga nazi na kugeuka njano, usisubiri kichwa kianguke, mwite afisa ugani wa kata auone ungali na dalili. Kabla ya kununua mbegu nyingine, uliza kwanza ni aina gani inayohimili ugonjwa huo kwa eneo lenu. Utafiti wa minazi unafanywa na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mikocheni, Dar es Salaam, na TARI Naliendele iko jirani zaidi, Mtwara. Huko wamezoea korosho, lakini wanaweza kukuelekeza. Mwite pia kama ncha ya mche inatoka imeoza bila tundu, au kama ukipasua mnazi ambao bado ni mzima ukakuta ndani mabuu yasiyo na miguu kabisa. Huyo si chonga, ni fukusi wa minazi, dundu mwenye pua ndefu anayependa kuingilia vidonda vilivyoachwa na chonga, naye anazalia ndani ya mti ulio hai. Mti wa namna hiyo haufai kuachwa.

Ukienda ofisini usiende mikono mitupu. Piga picha za kuti lililokatwa, za kilele na za nguzo. Weka mabuu matano hai kwenye kopo lenye samadi kidogo na mfuniko uliotobolewa, na dundu yeyote mwenye pembe utakayemkuta. Mabuu yaliyokufa hugeuka meusi njiani na hayamsaidii mtu kuyatambua, kwa hiyo yachukue asubuhi ileile ya safari.